Namba 47 Ilipotoka Mara Mbili

Saa mbili asubuhi, foleni ya kukamua alizeti hapa Bonga imeshafika barabarani. Irine Basil amesimama katikati ya madirisha mawili ya kiwanda.

"Mama Severini dirisha hili, Mama Sanaet lile. Nikisema sasa, mnabonyeza kitufe cha tiketi pamoja."

Irine, miaka 27, ni fundi simu wa Nangara. Alijifunza kuandika programu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akiungaunga bando. Mfumo wa namba za foleni kiwandani hapa ndiyo kazi yake ya kwanza ya programu, kwa malipo ya Sh300,000.

Wiki iliyopita mfumo huo uliwapa kina mama hawa wawili namba moja ileile.

"Nina arobaini na saba, naye ana arobaini na saba!" anasimulia Mama Severini.

"Akaniita mchawi," anadakia Mama Sanaet.

"Nilikuita mwizi. Mchawi hapana."

Mwenye kiwanda, Mzee Elimringi, alimpa Irine hadi leo arekebishe. Akishindwa, wanarudia vikaratasi vya mkono, na kazi imekwisha.

Irine aliujaribu peke yake siku nzima, haukukosea hata mara moja. "Kumbe nilikuwa nabonyeza dirisha moja, halafu jingine," anasema akicheka.

Ndipo akaandika 46 ukutani kwa chaki, akawaita wapakiaji wawili. Kila mmoja asome, arudi dirishani ajumlishe moja, aje aandike jibu. Wote wakasoma 46. Wote wakaandika 47.

"Kuongeza moja tunaona ni jambo moja," anaeleza taratibu. "Kwa kompyuta ni matatu: kusoma, kujumlisha, kuandika. Mwingine anapenya katikati."

Sasa programu yake ina kitu kama chaki moja tu: asiyeishika hasomi, anasubiri mwenzake amalize yote matatu.

"Sasa!"

Vidole vinashuka pamoja. Tiketi zinatoka: 12 na 13. Vigelegele vinalipuka, na Mzee Elimringi anabeba bunda la vikaratasi vya zamani kulipeleka jikoni, likatumike kuwashia moto.

Mama Sanaet peke yake amenuna na 13 yake. "Siku ile tulihudumiwa pamoja. Leo mmetutenga."

"Nakusubiri, mama," anamjibu Mama Severini. "Si tunarudi na bodaboda moja?"

Irine anapanga kuupeleka mfumo kwa wakamuaji wa Singe, kisha anunue kompyuta yake mwenyewe. Lakini safari hii hataujaribu peke yake.

"Hawa wawili nakwenda nao," anasema. "Nitawanunulia soda."

"Soda mbili," anasahihisha Mama Severini. "Tusije tukapewa moja tena."