Maoni Yangu Ukutani

Mpwa wangu Kyalo na marafiki zake walitengeneza sinema ya mnyonya damu. Aliponitumia kwa simu nitoe maoni, nilimjibu, "Iko sawa kabisa." Kwetu mtoto akijaribu, humvunji moyo. Ama ndivyo ninavyojiambia.

Jumamosi iliyopita aliionyesha katika ukumbi wa kanisa hapa Machakos. Mnyonya damu alizurura kwenye kilima cha Lukenya saa sita mchana, jua likimwakia usoni, kwa kuwa hawakuwa na taa za kupigia picha usiku. Nikamwandikia mke wangu kisirisiri: "Hii sinema ni aibu. Hata damu ni juisi."

Punde laptopu ya Kyalo ikazima.

"Anko, si uko na ile nilikutumia?"

Nikatoa simu kwa madaha, kama mfadhili. Akaiunganisha na projekta, nikapigiwa makofi.

Mnyonya damu alipofungua kinywa aume, jibu la mke wangu likatokea ukutani, juu ya meno: "Kama sinema ni aibu hivyo, mbona ulimwambia Kyalo iko sawa? Huyo mtoto anakuamini."

Kyalo, simu yangu mkononi, akasoma mpaka mwisho.

"Anko," akauliza kwa upole, "nimjibu nini?"