Santuri za Panki na Tamthilia za Mke Wangu

Mimi shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo ukinikuta nimekosea mpangilio, nisamehe. Lakini tivii naijua, na santuri za panki, ule muziki wa Wazungu wa fujo, nazijua, na nikisema kitu ni kibovu, basi ni kibovu.

Santuri nilizipata Malindi. Nilikuwa mlinzi kwa Mtaliano mmoja aliyepiga muziki huo kutwa, madirisha wazi, nami niko getini. Mwanzo nilidhani watu wanapigana mle ndani. Baadaye nikaanza kupambanua. Aliporudi kwao moja kwa moja akaniachia zote, na gramafoni yake. Kuna moja ya jalada jeusi, hao wanajifanya wana hasira. Ukisikiliza unajua wamekula wakashiba. Kuna ya kijani, upande wa kwanza mzuri, ukigeuza wameanza kubembeleza, nikaona hapa wameishiwa. Bora ni ile iliyochanika jalada. Nyimbo fupi fupi, na mwimbaji sauti yake imepasuka na hajali. Anaingia kwenye wimbo kama mtu aliyeingia nyumbani mwako bila hodi. Maneno siyajui, ni Kizungu cha makelele. Mke wangu hakupenda hata moja.

"Huyo mtu wako wamchinje tu apumzike," alikuwa akisema, kisha anatoka na mbuzi yake kwenda kukuna nazi nje.

Na yeye haki ya kusema alikuwa nayo, maana kuimba alikujua. Huku kwetu Tezo kukiwa na msiba, wanawake huimba matanga yote, na lazima awepo mmoja wa kuanzisha, wengine waitikie. Huyo alikuwa yeye. Alizijua nyimbo za kuliza, na zile za matusi pia, ambazo siku nyingine ukizisema utapigwa, lakini matangani hakuna anayekasirika. Walikuwa wakimfuata mpaka kutoka Junju.

Halafu binti yetu mkubwa akafariki. Aliugua, na hilo silielezi. Matanga yalifanywa kama inavyotakiwa, watu wakaja, wakaimba, lakini mamake alikaa mkekani kimya. Nikadhani ni siku zile tu. Miezi ikapita. Pakitokea msiba mwingine alikwenda, akakaa nyuma, akarudi.

"Sauti imekufa," akaniambia.

Mimi nilioa mtu anayeimba hata akichota maji. Sasa nikawa nasikia kuku wanavyotembea uani. Nikaogopa, nisiseme uongo. Nilimwona anaondoka kidogo kidogo, kumfuata mwanawe.

Kilichobaki ni tivii. Hapo nami nina maneno yangu. Tamthilia za Kihindi sizitaki: mtu akigeuza shingo tu, radi inapiga, na watamwonyesha tena na tena. Za Kifilipino zina huruma, lakini kila mtu mwishowe ni mtoto wa mtu mwingine. Za Kituruki, hizi walizozitia Kiswahili, angalau wanajua kulia. Mke wangu alishika moja ya Kituruki ambayo ndani yake kulikuwa na mama aliyezika binti. Kila jioni yuko mbele yake, hapepesi macho. Mimi nikalalamika: mazishi gani hayo ya dakika moja, miwani myeusi, hakuna aliyeimba, kesho yake mama mtu kapaka rangi ya mdomo!

"Nyamaza, mzee. Nataka kuona anafanyaje."

"Nani?"

"Huyo mama. Anaamkaje asubuhi."

Sikulalamika tena. Haki ya Mungu, nikawa namwombea yule mama wa kwenye tivii afanye jambo la maana.

Basi jioni moja mlango wa jumba lao ukafunguliwa, akaingia binti. Mzima. Kumbe aliyezikwa ni mwingine. Mama akamkumbatia, muziki ukapanda. Nimetazama vipindi vingi, na huo ndio uhuni mkubwa kuliko wote niliouona. Mke wangu akainuka, akazima. Chakula hakugusa. Kesho yake pia alilala ameelekea ukutani.

Nilizungumza nikachoka. Mdomo wangu ni wa porojo, haujui kuliwaza. Nikaiweka ile santuri ya jalada lililochanika. Usifikiri nilikuwa na hekima yoyote. Nilitaka atukane tu; hata akisema wamchinje, atakuwa amesema.

Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili. Yule mtu anajipasua koo.

"Mzee."

"Naam."

"Huyu hajui kuimba."

"Hajui."

"Mbona haachi?"

Akageuka, akakaa, kichwa kainamisha kama anavyowasikiliza wasichana wanaojifunza kuitikia.

"Huyu haimbi," akasema. "Huyu amefiwa. Rudisha pale alipokatika."

Nikarudisha sindano.

"Umesikia? Sauti imemwishia, akausukuma wimbo kwa pumzi. Lakini hao wenziwe hawaitikii kitu. Wangekuwa wangu ningewachapa."

Kisha akaomba uji.

Sisemi alipona, hayo ni ya kwenye tivii. Lakini haukupita muda mrefu, jirani yetu akafiwa na bintiye, na wanawake wakaja kwetu.

"Hodi, hawe!" Hawe ni bibi, ndivyo wanavyomwita. "Tunaanzisha nyimbo lakini hazishiki."

"Sauti sina, wanangu."

"Njoo hivyo hivyo. Hata ukikoroma tutaitikia!"

Akacheka kwa pua, akajifunga leso, akatoka nao.

Nilikaa na wanaume upande wa pili wa uwanja, jua kali, namweleza mzee mmoja wa Kaloleni habari za bei ya makuti. Nikamsikia anaanza. Haikuwa sauti ile ya zamani. Ilikwaruza, ikakatika katikati ya jina la marehemu, na mimi nikashika kiti. Hakuacha. Aliusukuma kwa pumzi tupu, wenziwe wakaupokea. Ubeti uliofuata akataja jina la binti yetu, ambalo tangu tuzike hakuwahi kulitamka. Wanawake wote wakaliitikia, na yule mama aliyefiwa akaliitikia pamoja nao.

"Ehe, makuti," akasema mzee wa Kaloleni.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Huyo wanayemwitikia ni wangu."