Shangazi Ajifunza Kusema Je Vais

Asubuhi za Gisozi, mtaa wetu wa Kigali, zilinukia vanishi. Nyumba yetu ilikuwa mteremkoni, juu kidogo ya karakana za maseremala, na jua lilipoanza kupasha mabati moto, harufu ya vanishi, gundi na maranda mabichi ilipanda hadi dirishani kwetu kabla hata chai haijachemka. Baada ya harufu zilifuata sauti: msumeno wa umeme, nyundo, kisha wachomeleaji waliokuwa wakiitana kwa Kinyarwanda huku cheche zikiruka. Baba yangu alikuwa na duka dogo huko chini, akiwauzia mafundi sponji na vitambaa vya makochi. Alikuwa ametoka Kigoma akiwa kijana, akaoa Kigali, akabaki. Mama alifariki nikiwa bado natambaa. Dada mdogo wa baba, shangazi Mwajuma, alikuja kutoka Kigoma kwa ajili ya mazishi akiwa na mkoba mmoja tu wa nguo, na hakurudi tena. Yeye ndiye aliyenisuka, aliyenifundisha kufunga kamba za viatu na kusoma sura fupi za Kurani, na aliyejua kwamba siwezi kulala bila mlango kuachwa wazi kidogo.

Nakumbuka vizuri msimu mmoja wa mvua, nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Shangazi alikuwa akifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja mjini. Alirudi jioni mikono ikinukia sabuni na mvuke wa pasi, ngozi ya vidole imejikunja. Mwenye hoteli alikuwa anafungua nyingine Abidjan, na alitaka mtu wa kusimamia ufuaji wote huko. Msimamizi wa shangazi alimtaja yeye. Tatizo lilikuwa lugha. Shangazi alijua Kiswahili, Kiha na Kinyarwanda cha sokoni, lakini Kifaransa chake kiliishia kwenye bonjour. Akaambiwa kwamba mvua zikiisha mwenye hoteli atakuja mwenyewe, ataketi naye na kuzungumza naye kwa Kifaransa, kisha ataamua. Baba alinieleza hayo wakati wa chakula, polepole, akiokota mifupa kwenye samaki wangu. Nilisikia neno Abidjan kama nilivyokuwa nikisikia majina ya miji kwenye redio. Halikunigusa.

Jirani yetu wa nyumba ya juu mteremkoni alikuwa Madamu Veneranda, mjane aliyefundisha Kifaransa shule ya msingi kwa miaka mingi. Wakati huo shule zilikuwa zimeanza kufundisha kwa Kiingereza, vipindi vyake vilikuwa vimepunguzwa, na Jumamosi yeye mwenyewe alikuwa akienda kujifunza Kiingereza pamoja na walimu wenzake, wengine wakiwa wanafunzi wake wa zamani. Shangazi alipokwenda kumwomba amfundishe, alikubali papo hapo. Alisema atafurahi kukisikia Kifaransa barazani kwake. Shangazi aliona haya kusoma kwa sauti peke yake mbele ya mwalimu, kwa hiyo akanichukua niwe mwenzake. Tuliketi kwenye mkeka, mvua ikipiga mabati, Madamu akiwa kwenye kiti chake cha mbao na shali mabegani.

Wiki za kwanza zilikuwa za salamu na majina ya vitu. Kisha jioni moja Madamu alisema ni wakati wa kujifunza kusema tutakayofanya, kwa sababu mtu anayeomba kazi huulizwa hasa mambo ya mbele. Akatuimbisha kitenzi cha kwenda: je vais, tu vas, il va, nous allons, vous allez, ils vont. Mimi nilikariri upesi, kama watoto wanavyokariri chochote chenye mdundo. Shangazi alihangaika. Kila alipotaka kusema ataondoka, alisema je vais pars, akivigeuza vitenzi vyote viwili.

"Hapana, Mwajuma," Madamu alimwambia kwa Kiswahili chake cha Kigali. "Ile ya kwanza tu ndiyo inabadilika. Ile ya pili unaiacha vile iko. Haiguswi. Je vais partir."

"Mbona Kiswahili ni neno moja tu?" shangazi aliuliza. "Nitaondoka. Limekwisha."

Madamu akamuuliza angesemaje kwa Kinyarwanda kama sasa hivi anainuka kwenda kupika.

"Ngiye guteka," shangazi alijibu.

"Sasa? Si iko sawa? Ninaenda, halafu kupika. Je vais cuisiner. Wewe iko najua hii Kifaransa tangu zamani."

Shangazi alicheka, akajifunika uso kwa ncha ya khanga. Tangu jioni ile ulimi wake ulifunguka. Akiosha vyombo alisema je vais laver, akiwasha jiko la mkaa alisema je vais allumer le feu. Aligundua kwamba angeweza hata kusema je vais aller, naenda kwenda, akaona jambo hilo ni la kuchekesha mno, akamwambia baba, naye baba akacheka ingawa hakuelewa. Mimi nilimfuata nyuma nikimsahihisha, na nyumba ilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwetu kabla ya hapo.

Ni mimi niliyeiharibu furaha hiyo kwa swali. Nilikuwa nimekuta je partirai katika kitabu cha zamani cha Madamu, nikataka kujua inatofautiana vipi na je vais partir ikiwa yote ni kuondoka kesho. Madamu alivutiwa na swali, akavua miwani. "Je partirai iko mbali," alisema. "Pengine mwaka kesho, pengine hapana. Lakini mtu akisema je vais partir, sanduku lake liko tayari mlangoni." Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameinamisha kichwa, akinyoosha ukindu wa mkeka uliochomoza. Hapo ndipo nilipoelewa tulikuwa tunafanya nini barazani pale kila jioni. Nilikuwa namsaidia aondoke.

Siku iliyofuata tulijifunza kukanusha. Madamu alieleza kwamba ne na pas hukizingira kile kitenzi cha kwanza, vais, na kukiacha cha pili peke yake nyuma. Akaniomba nitunge sentensi. Nilisimama, kwa sababu tulikuwa tunasimama tukijibu, nikasema: "Tante Mwajuma ne va pas partir." Shangazi Mwajuma haondoki. Mvua ilikuwa imekatika na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati. Madamu alisema kwa sauti ya chini kwamba sentensi haina kosa. Tuliporudi nyumbani shangazi alinishika mkono kwenye utelezi kama kawaida, lakini hakutaja kwa Kifaransa chochote atakachofanya.

Jumapili asubuhi alinikalisha kati ya magoti yake ili anisuke. Alisuka nusu ya kichwa kwanza. "Rehema," alisema hatimaye, "ukiniambia nisiende, siendi. Nitamwambia msimamizi kwamba Kifaransa kimenishinda. Hakuna atakayejua." Nilisikia vidole vyake vimetulia kwenye nywele zangu, vikisubiri. Nilitaka sana kumwambia asiende. Lakini nilikumbuka alivyocheka siku ile ya guteka, mwanamke aliyeacha kila kitu Kigoma akaja na mkoba mmoja wa nguo, na nikahisi, bila kuwa na maneno ya kusema hivyo, kwamba nikimshika nitakuwa nimeshika mtu mwingine, asiye yule aliyecheka. Nikamuuliza kama huko Abidjan wana mvua. Akasema atanipigia simu aniambie. Vidole vikaanza tena kusuka.

Jioni zile za mwisho Madamu alinipa kazi ya kuigiza mwenye hoteli. Niliketi kwenye kiti chake, shali mabegani, nikauliza kwa sauti nzito atafanya nini: "Qu'est-ce que vous allez faire, madame?" Shangazi alisimama wima, mikono nyuma. Je vais travailler. Je vais apprendre. Je vais former les filles. Nitafanya kazi, nitajifunza, nitawafundisha wasichana. Kisha akaongeza sentensi ambayo hatukuwahi kuifanyia mazoezi: "Je vais revenir chercher ma fille." Nitarudi kumchukua binti yangu. Nilimgeukia Madamu, nikidhani atasahihisha neno fille, maana mimi nilikuwa mtoto wa kaka yake. Madamu alikuwa akifuta miwani kwa shali iliyokuwa mabegani mwangu, na hakusahihisha chochote.

Shangazi alipata ile kazi. Siku ya safari tulipitia njia panda ya Sonatubes kwa rafiki yake mwenye duka, akachukua mfuko wa dagaa wa Kigoma, kisha tukaenda uwanja wa ndege. Baba alibeba sanduku. Shangazi alinibusu kwenye paji la uso na kusema je vais revenir, na mimi, niliyejua kwamba wakati ule wa kitenzi ni wa mambo ya karibu, nilikwenda nyumbani nikitazamia kumwona kabla ya Idi. Hakuja Idi ile, wala iliyofuata. Alipiga simu kila Ijumaa, akasema mvua za huko ni kubwa kuliko zetu. Ilipita miaka minne. Aliporudi nilikuwa nimemzidi kimo, na alikuwa amenitayarishia chumba Abidjan. Baba aliniachia uamuzi. "Nenda," alisema nilipoanza kulia. "Mimi nipo hapa hapa na sponji zangu." Nikaenda, nikasoma huko hadi chuo, na Kifaransa kikawa kazi yangu.

Sasa ni mkalimani wa mikutano, naishi Kagugu, hapa Kigali, na mume wangu na mwanangu wa miaka saba. Shangazi amestaafu na anaishi nasi, na baba huja kila Jumapili kubishana naye kuhusu chumvi. Maisha ni mepesi kuliko yale ya Gisozi: wiki hii niko Nairobi, wiki ijayo Dakar, na uso wangu uko kwenye simu kila jioni. Hata hivyo watoto husubiri vilevile. Majuzi nikifunga begi, mwanangu alisimama mlangoni akauliza nitarudi lini. Jibu la haraka lilikuwa ulimini, katika lugha zote ninazolipwa kuzizungumza: karibuni, si muda mrefu, utaona tu. Niliweka begi chini, nikamwambia, "Alhamisi, kabla hujatoka shule." Alhamisi ile ndege ilitua asubuhi, na kengele ya shule ilipolia nilikuwa nimesimama getini.