Viti Viwili vya Baba Mkwe

Kampuni yetu ya kukausha na kuuza dagaa, pale Kirumba, ilikuwa na bodi ya watu saba. Baba mkwe wangu alikuwa mwenyekiti, na yeye huyohuyo ndiye meneja. Waliobaki walikuwa wadogo zake, shemeji zake na wanawe, mume wangu akiwemo. Niseme haki: mzee ndiye aliyeianzisha, na miaka ya mwanzo sisi wenye hisa tulipata gawio zuri. Baadaye tukawa tunaambiwa ziwa limekuwa gumu, mwaka hata mwaka. Huenda ilikuwa kweli. Mimi nimeishia darasa la saba, na hesabu kubwa huwa naziogopa.

Lakini vikao vyao nilivijua, maana aliyewapikia ni mimi. Mzee akimaliza kusoma taarifa wote wanasema ndiyo, wananawa, wanakula. Nani angemuuliza baba yake faida imekwenda wapi?

Basi siku ya mkutano mkuu wa wenye hisa nikampigia goti, shikamoo baba, akaitikia. Kisha nikasimama nikasema kiti kimoja akiachie. Kwetu Usukumani mkamwana hamsemeshi mkwe hivyo mbele za watu.

"Mkamwana, kampuni hii umeikuta," alisema.

"Nimeikuta, baba. Ila meneja akikosea, wa kumwita na kumuuliza ni wewe. Na meneja ni wewe."

Mama mmoja muuza sangara akadakia kutoka nyuma, "Na akijikuta na kosa, anajisamehe." Watu wakacheka, hata mzee mwenyewe midomo ilimcheza.

Hoja yangu ilipita kwa shida. Mzee alibaki na uenyekiti; umeneja akapewa binti wa Kihaya asiye ndugu wa mtu, na mimi na yule muuza sangara tukaingia kwenye bodi. Gawio limerudi. Sitadanganya kwamba ni sisi tu: wanunuzi wa Kongo nao walirudi msimu uleule. Mume wangu alininunia, na mpaka leo anasema nilimwaibisha baba yake. Inawezekana. Ningesema tena.

Wiki iliyopita mzee alipumzika kazi, na bodi inanitaka mimi niwe mwenyekiti, tena nishike na ghala, eti kwa kuwa naaminika. Nimewaambia ghala watafute mtu mwingine, na awe mtu anayeweza kunikatalia.