Midomo ya Wesonga

Nilipokuwa mtoto, huko kwetu kwenye miwa nyuma ya Ekero, nilijua zambarau mbili: ile ya kula, na ile ya chupa ndogo, dawa ya vidonda tuliyoiita jivii. Baba akijikata na panga, jivii. Kidonda cha goti, jivii. Haikutoka kwa sabuni, na leso ya mama ilikaa na madoa yake mpaka ikachakaa.

Kukhu, mama ya baba, hakuikataa kwa vidonda. Alichokataa ni mdomo wa mtoto mchanga. Kila asubuhi alikuwa anambebanga ndugu yangu Wesonga mpaka mlangoni, anamgeuzia mwanga, anamtazama midomo. Alisema mtoto ambaye hajajua kuongea huongea na midomo, na ukiipaka rangi umemziba, hata wazee wetu waliotangulia hawatamsikia.

Wesonga akaota utando mweupe ulimini, hanyonyi, analia tu. Mama akaenda zahanati, akarudi na chupa. Alipompaka ulimi mtoto akageuza kichwa, midomo yote ikawa zambarau.

"Mama Nekesa, umenifichia mtoto," Kukhu akasema.

"Ni dawa tu, mama. Si ataanza kunyonya?"

"Atanyonya. Na mimi nitamwonea wapi?"

Mama akanigeukia. "Nekesa, ona ndugu yako. Amekula zambarau za watu na meno hana." Nikacheka sana.

Na kweli akanyonya, utando ukapungua, ndiyo maana kikohozi kilipoanza hakuna aliyeshtuka. Mama aliendelea kupaka, alikuwa ameambiwa asikatize dawa. Asubuhi moja Kukhu akambeba mlangoni, akatazama midomo, akaona jivii. Akafunua mkono wa mtoto, akatazama kucha. Zilikuwa na rangi ileile, na hakuna mtu alikuwa amezipaka.

Alikimbia naye bila viatu. Wesonga alifariki kabla hawajafika barabarani. Walipomwosha, rangi ya mdomo haikutoka, akazikwa nayo. 

Sasa nina wangu, na juzi ameota utando uleule, nimepewa chupa ileile. Nilimaliza fomu foo, najua ni nimonia ilimuua ndugu yangu, kukosa hewa ndiko kulikogeuza kucha, si jivii, najua, lakini nilipofungua kifuniko nikaimwaga nusu kwa kitanda. Nikampaka midomo mafuta ya mgando kwanza ili rangi isishike, halafu nikapaka ndani, kidogokidogo, nikimfuta kila akitema. Kama wazee waliotangulia wanasikia, sijui. Mimi ndiye sitaki kuzibwa.

Asubuhi nambeba mpaka mlangoni, namgeuzia mwanga. Midomo myekundu. Nafunua vidole pia, kimoja kimoja.

Mama amekuja kunisaidia kulea. Ananiona pale mlangoni, anainama kukoroga uji, na hajawahi kuniuliza natafuta nini.