Picha Nilizompelekea Dada

Mashine ya kukoboa mpunga pale Mohoro haikukoboa Jumapili. Baada ya sala ya adhuhuri injini yake ilifungwa dainamo ya umeme, majamvi yakatandikwa ghalani, madirisha yakazibwa kwa magunia, nasi wanawake tukaingia kutazama sinema. Wanaume walikuwa na siku yao, Jumamosi, na sisi hatukuwahi kuwauliza waliona nini, maana tulijua wangesimulia vibaya.

Wakati ule Mwingereza bado alikuwa anatawala. Sinema tuliyoizoea kabla ya hapo ni ile ya gari la serikali, lililokuja mara moja baada ya mavuno kutufundisha kupanda pamba. Pamba tulikuwa tunaijua. Ndiyo maana tajiri wa mashine alipoanza kuleta picha za Kihindi, mpya kila wiki, mji mzima ulimpenda ghafla. Lori lilizileta kutoka Dar es Salaam, likapita Kibiti, likavuka mto kwa pantoni, na kurudi na zile za wiki iliyopita.

Hazikuwa na rangi. Kila kitu kilikuwa cheusi, cheupe, au cha majivujivu. Mke wa tajiri aliketi juu ya gunia akitufasiria kwa Kiswahili chake cha dukani. Alikuwa Mhindu mshika dini, nyumbani kwake hapakuingia nyama wala samaki, na alikuwa na huruma nyingi mno kwa kazi ile. Mara nyingine alianza kulia kabla hajatufasiria, tukabaki tunamtazama yeye badala ya picha.

Aliyenipeleka kwanza ni dada yangu mkubwa, nilipoolewa nikahamia jirani naye. Mumewe alikuwa mkata boriti za mikoko huko delta. Safari moja homa ilimkamata kambini, akafa, akazikwa hukohuko, na habari zikatufikia akiwa yumo kaburini siku ya tatu. Dada hakumwona. Akaingia eda, miezi minne na siku kumi: ndani, shuka nyeupe, bila manukato, bila kutoka. Na hakulia. Watu walimsifu kwa subira. Mimi niliogopa.

Jumapili ya kwanza nilikaa naye, nikaona aibu kwenda kutazama watu wakiimba. Akaniuliza, "Leo si siku ya picha? Nenda. Uje unieleze."

Nikaenda, nikarudi, nikamweleza: mvulana kampenda msichana, baba kakataa, wakaimba, baba akakubali.

"Sasa hiyo picha au barua ya posa?" alisema. "Huyo baba alipokataa alikuwa amekaa au amesimama?"

Sikujua.

"Mikono kaiweka wapi?"

Sikujua pia.

"Basi hukuona kitu, mdogo wangu. Ulikwenda kupumzika."

Nilikasirika njia nzima hadi kwangu. Lakini Jumapili iliyofuata nilijikuta natazama mikono. Nikatazama na viatu, na vyombo mezani, na nani aliyefunga mlango. Nikagundua kuwa ukuta wa jumba la tajiri wa pichani ulitikisika mtu akiuegemea, na kwamba mlango wa nyumba ya maskini ulikuwa uleule wa nyumba ya hakimu, na ufa wake uleule. Nikampelekea dada ugunduzi huo kama mtu anayepeleka samaki mkubwa. Akauliza maswali mpaka magharibi, na siku hiyo alimaliza chakula chake. Tangu hapo nilitazama picha kwa ajili yake. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu, kwanza natazama mlango.

Eda ilikuwa imebaki wiki tatu ilipokuja picha ya mume aliyesafiri kutafuta kazi. Mkewe akamngoja, akaimba dirishani, akaweka taa. Kisha mtu mgeni akaja na kifurushi cha nguo za marehemu. Mke wa tajiri akapiga kelele, "Amekufa, jamani!" Yule mwanamke akavunja bangili zake ukutani, moja moja, akavaa sari nyeupe.

Kutoka ghalani hadi kwa dada si mbali. Nilitembea polepole, na bado nilifika sijui nitasema nini.

Nikasema amerudi.

"Amerudi vipi?" dada aliuliza, akaketi wima.

Hapo nikaanza kutunga. Nikasema alikuja alasiri, kwa miguu, begani ana mfuko. Mke alikuwa amevaa sari nyekundu. Alikuwa amempikia wali na kambale wa kukaanga. Dada akauliza kama alivua viatu. Nikasema alivua. Akauliza aliviweka wapi. Nikasema kizingitini, kimoja kimelala upande. Kisha akauliza nani alisema neno la kwanza. Nikasema mke.

Niliamini nimeokoka, kwani picha ile ingeondoka na lori. Lakini masika ya mwaka ule mto ulifurika, pantoni ikasimama, na picha ikabaki nasi. Ikaonyeshwa tena, na tena. Dada akatolewa eda Alhamisi, akaoga, akavaa kanga mpya. Jumapili akawa wa kwanza kuwa tayari.

"Picha ya zamani hiyo, dada," nilimwambia. "Nishakusimulia yote."

"Ndiyo maana nataka kuiona."

Ghalani sikuitazama picha. Nilimtazama yeye. Mgeni alipotokea na kifurushi, dada hakushtuka. Bangili ya kwanza ilipovunjika akashika mkono wangu. Ya pili, akaanza kulia, kilio cha miezi minne, mpaka wanawake wakageuka na mke wa tajiri akaacha kufasiri. Walidhani analilia picha. Wakalia naye.

Tulitoka tukikanyaga tope, viatu mkononi. Nikamwambia anisamehe, nilimdanganya.

"Nilijua palepale," alisema. "Picha hazina rangi, wewe ukamvisha mtu sari nyekundu. Halafu kambale! Hawa jamaa wa mke wa tajiri toka lini wakala kambale? Kambale alikuwa anakula mume wangu."

Kweli, nilikuwa nimempikia shemeji.

"Sasa mbona hukunikatiza?" nikamuuliza. "Mbona ukaniuliza mpaka viatu?"

Alisimama akafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Alikuwa keshafika mlangoni," alisema. "Ningekukatiza vipi, na mie nangoja aingie?"