Gololi Tamu za Kufukuzia Ngedere

Nimekosa, jamani, na safari hii sitafuti wa kumsingizia. Mahindi ya shangazi yangu yaliliwa na ngedere, na aliyewakaribisha ni mimi!

Shangazi ni mjane, anaishi peke yake kijijini Nduruma. Kila mwaka mahindi yake ya kwanza huyapeleka kanisani, Jumapili ya mavuno. Hajawahi kukosa. Aliwafukuza ngedere kwa kupiga debe la bati kila asubuhi, nao walikimbia.

Mimi, kijana wa mjini, wa Elerai, niliyejifunza kila kitu kwenye simu, nikaliona debe ni ushamba.

"Shangazi, pumzika. Nitatengeneza manati na risasi zake kwa mkono wangu."

"Risasi? Usiniletee polisi hapa!"

"Za udongo, shangazi."

Nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Nilifinyanga gololi za udongo, nikazipima moja moja kwenye mizani ya jikoni. Ikizidi, naikwangua. Ikipungua, naivunja naanza upya. Halafu zikawa zinapasuka zikikauka. Roho iliniuma! Nikachanganya udongo na molasi, ile tamu ambayo shangazi huwalisha ng'ombe wake, inayonata kama asali.

Hazikupasuka tena. Nyeusi, duara, zinang'aa! Nilizipiga picha kabla sijampiga ngedere hata mmoja.

Gololi ya kwanza ilikosa. Ngedere akashuka mtini, akaiokota, akainusa, akaitafuna. Kisha akakaa ananitazama kama mteja anayesubiri chenji.

Hapo ndipo nilipopaswa kuacha. Sikuacha! Nilikuwa na ndoo nzima ya gololi zilizolingana, na sikuwa tayari kukubali kwamba zina kasoro. Nikaendelea kufyatua. Wakaja na watoto wao. Gololi zikipungua wanahamia kwenye mahindi, na debe lilikuwa kimya kwa sababu yangu.

Shangazi alipoona mabua matupu, akaniuliza. Mdomo ukanitangulia: "Ni mbuzi wa Mzee Lazaro."

Jirani yake wa miaka yote! Akaenda kumfokea. Wakarudi pamoja kutafuta alama za kwato. Hazikuwepo. Juu ya mti wa mgrevilea alikaa ngedere dume, gololi yangu mdomoni.

"Shikamoo, mzee," nikasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Huyu mbuzi wangu mkia amekuwa nao mrefu kweli!"

Shangazi hakucheka. Aliokota gololi, akailamba.

"Molasi?"

"Ili zisipasuke, shangazi."

"Mwanangu, mimi nalinda shamba, wewe unapika!"

Jumapili ya mavuno alikuwa na boga moja tu la kupeleka. Nililibeba mimi, naye alitangulia mbele njia nzima. Wenzake walipanga mahindi mbele ya madhabahu, yeye akaliweka boga lake pembeni kabisa, macho chini. Ningeweza kuingia chini ya benchi!

Mzee Lazaro akaja na mahindi yake, akayashusha kando ya boga. "Haya ni yetu wote," akamnong'oneza, "pamoja na mbuzi." Ndipo shangazi akacheka, na mimi nikalia.

Siku hizi nikienda Nduruma napiga debe. Shangazi akilipiga, ngedere wanakimbia. Nikilipiga mimi, wanasogea karibu!

Kwa hiyo wewe unayejitengenezea vitu vyako ukitaka visiwe na doa, nakusihi: kabla hujamwambia mtu aache debe lake, ilambe gololi yako kwanza. Ikiwa tamu, sema ukweli. Mbuzi wa watu waache walale.